Mashine kila mtu anayo: mkamuaji wa alizeti Sepuka apate wapi faida?

Kila mwaka mavuno ya alizeti yanapokaribia, swali linalorudi kwa wafanyabiashara wa Singida ni moja: je, ninunue mashine ya kukamua mafuta? Muulizaji huwa ni mchuuzi wa mazao aliyechoka kuwauzia wenye malori mbegu tupu, au mtumishi aliyestaafu ambaye kiinua mgongo chake kimekaa benki kikipungua kidogo kidogo, au ndugu watatu waliochanga. Wameona mashine ya jirani ikinguruma mwezi Juni na Julai, wameona mikokoteni ya ng'ombe ikipanga foleni, wamepiga hesabu ya dumu la lita 20, na wanaona faida iko wazi kama mchana.

Somo la wiki hii ni kwa ajili yao. Ni kwa ajili pia ya msomaji mwenye hisa zake chache katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, maana kanuni inayotenganisha mkamuaji anayepata na anayepoteza ndiyo hiyo hiyo inayotenganisha makampuni makubwa. Darasa letu litakuwa Sepuka, kata ya Wilaya ya Ikungi iliyoko upande wa magharibi wa mji wa Singida, kwenye nchi ya mvua chache na msimu mmoja, ambako alizeti, mtama na uwele huvumilia pale mahindi yanapokata tamaa.

Jibu letu tulitoe mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Mashine ni kiingilio tu, kama tiketi ya mpira. Kila aliyelipa yumo uwanjani. Kinacholeta faida ni kile ambacho jirani yako hawezi kukinunua hata akiwa na fedha mkononi, na mambo ya namna hiyo mara nyingi hayaonekani ukisimama barabarani.

MASHINE ZIMEKUJA NA KUPITA

Tuangalie historia kidogo. Enzi za mashirika ya umma, mkulima wa mbegu za mafuta alitegemea vyama vya ushirika na shirika la GAPEX kununua mazao yake, na mbegu zikaondoka mkoani zikiwa mbegu. Katikati ya miaka ya 1980 fundi Mmarekani, Carl Bielenberg, akifanya kazi na mradi wa alizeti vijijini huko Arusha, alibuni mashine ya mkono yenye mpini mrefu. Watu wawili waliweza kukamua mafuta kijijini bila umeme wala dizeli. Waliotangulia kuwa na mashine ile walipata neema. Lakini mafundi wa kuchomelea waliitazama, wakaielewa, wakaitengeneza, na muda si mrefu ikawa ya kila mtu.

Soko huria lilipofunguka zikaja mashine za parafujo zinazoendeshwa kwa injini, nyingi zikitoka China, na umeme wa vijijini ulipoanza kusambaa zikabadilishiwa mota. Kila safari mambo yalikwenda vile vile: wa kwanza alikula, wa pili akala kidogo, wa kumi akagombania mbegu na wenzake tisa. Mashine ikizidi kuwa rahisi kununua, faida inahama kutoka kwa mwenye mashine kwenda kwa mwenye mbegu. Wakamuaji wanapanda bei ya gunia wakishindana, na mkulima (kwa haki yake) anafurahi.

Jambo hili wataalamu wa biashara wamelifanyia kazi muda mrefu. Edith Penrose, mwaka 1959, aliandika kwamba kampuni ni mkusanyiko wa rasilimali, na kwamba rasilimali yenyewe si kitu mpaka iwekwe kwenye matumizi; watu wawili wenye trekta la aina moja hawalimi sawa. Jay Barney wa Marekani, mwaka 1986, akaonyesha kwamba kama kila mtu sokoni anajua thamani ya kitu, bei ya kitu hicho itapanda mpaka ile faida imezwe na bei ya kununulia. Mwaka 1991 akaeleza vipimo ambavyo leo hufundishwa vyuoni: rasilimali italeta faida ya kudumu ikiwa inasaidia kweli, ikiwa wachache ndio wanayo, ikiwa ni vigumu kuiiga, na ikiwa hakuna kingine cha kuchukua nafasi yake.

Chukua mashine ya parafujo uipitishe kwenye vipimo hivyo. Inasaidia, ndiyo. Wachache wanayo? Hapana. Ni vigumu kuiiga? Nauli ya basi ya kwenda Dar es Salaam na fedha ya kutosha, basi. Tumemaliza habari ya mashine.

SIKU 60 AU SIKU 200

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Adui mkubwa wa mkamuaji mdogo wa Singida si mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Ni mashine iliyolala. Alizeti hupandwa Desemba na Januari na kuvunwa kuanzia Mei, kwa hiyo mbegu hufurika kwa miezi michache na baada ya hapo hutoweka. Malori hubeba sehemu kubwa. Ikifika Oktoba mashine nyingi zimefunikwa turubai, mlinzi analipwa, riba ya benki inahesabika, kodi ya kiwanja inadaiwa.

Tupige hesabu ya mfano, namba tumezichagua wenyewe ili ziwe rahisi. Mashine inakamua tani 2 za mbegu kwa siku. Gharama zisizobadilika za mwaka mzima, yaani riba, mlinzi, kodi na uchakavu, ni Sh. 6,000,000. Mkamuaji wa kwanza anapata mbegu za kumtosha siku 60, kwa hiyo anakamua tani 120, na kila tani imebeba gharama ya Sh. 50,000 kabla hajalipa umeme wala vibarua. Mkamuaji wa pili anafanya kazi siku 200, anakamua tani 400, na kila tani imebeba Sh. 15,000 tu. Mashine ni ile ile, kijiji ni kile kile, bei ya mafuta ni moja, lakini wa pili ana nafasi ya Sh. 35,000 kwa kila tani ya kumlipa mkulima vizuri zaidi, au kupunguza bei ya mafuta, au kutia mfukoni.

Huyo wa pili mbegu za siku 200 kazitoa wapi? Wengi watajibu: ana mtaji mkubwa, amenunua Juni akaweka. Inawezekana. Lakini mtaji ni kitu ambacho benki inamkopesha yeyote mwenye dhamana, na mwenye mtaji mkubwa kuliko wote hakai Sepuka. Halafu kununua tani 400 kwa mkupuo ni kucheza kamari na bei ya miezi sita ijayo, kamari ambayo tutaona hapa chini imewaumiza wengi.

Njia ya pili haitajwi sana, nayo ndiyo yenye somo. Katika biashara hii mkulima si lazima auze mbegu. Anaweza kuja na magunia yake, akakamuliwa kwa malipo, akaondoka na mafuta. Malipo huweza kuwa fedha, au mashudu yanabaki kwa mwenye mashine, au mchanganyiko wa vyote viwili kwa mapatano. Sasa fikiri mkulima ambaye hataki kukamua magunia yote 15 mwezi Juni, maana mafuta yakiwa mengi nyumbani hugawanywa kwa jamaa na majirani yakaisha bila hesabu. Anachotaka ni kukamua magunia 3 sasa, 4 Septemba, na yaliyobaki Januari ada za shule zinapodaiwa. Atayaweka wapi? Atayaweka kwa mtu anayemwamini.

Hapo ndipo penye rasilimali yenyewe. Mkamuaji ambaye wakulima huacha magunia yao kwake, wakijua watayakuta yakiwa na uzito ule ule na mbegu ile ile, ana ghala lililojaa mali ambayo hakutoa hata senti kuinunua. Mashine yake inafanya kazi Novemba wakati za wenzake zimelala. Wala hachezi kamari ya bei, maana mbegu si zake. Kwenye maduka yetu kuna mali kauli: mwenye duka la jumla anampa mchuuzi bidhaa, alipe akishauza. Hii ni mali kauli iliyogeuzwa, mkulima ndiye anayemkopesha mwenye mashine, na hafanyi hivyo kwa mtu wa jana.

Jaribu kuiga hili kwa fedha uone. Jirani anaweza kujenga ghala kubwa zaidi, lenye sakafu nzuri zaidi, akapaka rangi na kuandika jina kwa herufi kubwa. Halitajaa. Kitakachomkosesha ni misimu minne mitano ya kupima bila kuiba, na misimu haiuzwi dukani. Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Ulaya, Ingemar Dierickx na Karel Cool, waliliandikia jambo hili: kilichokusanywa kwa miaka mingi hakipatikani kwa mwaka mmoja hata ukitumia fedha maradufu, maana muda wenyewe ni sehemu ya malighafi. Bibi mwenye mashamba Sepuka hahitaji kusoma makala yao. Anajua nani alimpimia vizuri mwaka wa njaa.

Na tuseme wazi habari ya kupima. Biashara ya mazao nchini imeharibiwa na debe lililobonyezwa chini likavimba, na lumbesa iliyoshonewa kilemba juu ya gunia. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi, na sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini mchezo unaendelea kwa sababu mnunuzi wa lori hatarudi kijiji kile mwaka ujao na hana cha kupoteza. Mkamuaji anayekaa hapo hapo ndiye pekee ambaye uaminifu unamlipa kwa fedha taslimu. Mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, ikawekwa mlangoni ambapo mkulima mwenyewe anaisoma, ni kitu cha bei nafuu sana ukilinganisha na mashine. Lakini mizani nayo itaigwa. Kisichoigwa haraka ni sifa ya miaka ya aliyeiweka wakati wengine wanacheka.

FUNDI AKIONDOKA JE?

Rasilimali ni kitu ulicho nacho. Uwezo ni namna unavyokitumia, na hapa kuna hasara nyingine isiyoonekana. Mashine mbili za aina moja hazitoi mafuta sawa. Fundi anayejua kazi husikiliza mlio, hushika mashudu yakiwa ya moto akayavunja kwa vidole, hujua mbegu hii imekauka mno na ile ina unyevu, hukaza na kulegeza, na hubadilisha parafujo kabla haijalika ikaanza kuacha mafuta ndani ya mashudu.

Tena hesabu ya mfano: fundi wa kawaida anatoa kilo 25 za mafuta kwa kila kilo 100 za mbegu, fundi hodari anatoa 28. Kwa tani moja tofauti ni kilo 30, kama lita 32 hivi. Kwa zile tani 400 ni kilo 12,000 za mafuta, zaidi ya lita 13,000. Huo ni mzigo wa lori. Umetoka kwenye mbegu zile zile kwa mashine ile ile, na jirani hajui umetoka wapi.

Hatari yake ni moja: uwezo huo uko kichwani mwa mtu mmoja, na mtu ana miguu. Jirani akimwahidi nyongeza ya mshahara, uwezo umehama usiku mmoja. Au fundi mwenyewe anaitambua thamani yake, anadai apewe sehemu kubwa ya ile faida, na ana haki ya kudai. Kwa hiyo mwenye akili haachi kazi iwe siri ya fundi. Anaweka daftari la kila siku: mbegu ya nani, unyevu vipi, kilo ngapi zimeingia, mafuta kilo ngapi, parafujo imebadilishwa lini. Anaweka vijana wawili chini ya fundi. Anamlipa fundi kwa kiwango cha mafuta yanayopatikana. Hapo ujuzi umekuwa wa karakana, na fundi akiondoka ataondoka na sehemu tu.

Mbegu zenyewe nazo zimo katika habari hii. Wakulima wengi bado hupanda mbegu ya Record, ya siku nyingi, iliyorudiwa rudiwa kutoka mavuno ya nyuma mpaka imechoka. Mbegu chotara kama Hysun 33 hutoa mafuta zaidi, ila ni ghali na hairudiwi. Mkamuaji anayewakopesha wakulima wake mbegu bora kabla ya mvua, wamlipe kwa magunia wakivuna, anajiongezea mafuta ambayo fundi hawezi kuyatengeneza. Lakini mkopo huo utarudi kwa nani? Kwa yule ambaye wakulima tayari wanampelekea mbegu. Jambo moja limezaa lingine, na ndiyo maana aliyechelewa huona kama mwenzake ana dawa.

JINA LA SINGIDA NI LA WOTE

Msafiri wa basi anayepita Singida hununua dumu la mafuta ya alizeti, kuku wa kienyeji, asali na vitunguu. Jina la mkoa limejiuza. Wakamuaji wengi hulitegemea jina hilo na kudhani ni mali yao, wakati ni mali ya kila anayesimama barabarani na dumu, pamoja na yule anayechanganya mawese ndani yake. Kitu cha wote hakimpi mmoja faida juu ya wenzake.

Kutoka hapo ni lazima kuwe na chapa yako mwenyewe, alama ya ubora ya TBS, chupa zinazofungwa sawasawa na mafuta yaliyochujwa yasiyoacha tope chini. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, imewasaidia wengi katika hatua hizo. Ila tuwe wakweli: kwa mkamuaji wa tani 120 kwa mwaka, chapa ni gharama kabla haijawa mali. Apate kwanza mbegu za siku 200. Soko la mashudu, tukiwa hapo, halihitaji chapa. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na watengenezaji wa chakula cha mifugo, hadi Kenya, hununua, na mwenye mnunuzi wa kudumu wa mashudu hulala usingizi mzuri kuliko mwenye lebo nzuri.

MATAWI YA BENKI: SOMO KWA MWENYE HISA

Msomaji wa hisa asidhani tumemsahau. Kampuni unayotaka kuinunua ina mashine yake nayo, na taarifa ya mwaka hupenda kuionyesha kwa picha za rangi. Wewe tafuta ghala la wakulima liko wapi.

Mfano mzuri uko nyumbani. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC ya mwaka 1967, ilipogawanywa mwaka 1997, matawi karibu 100, mengi yakiwa ya wilayani, yaliwekwa kwenye benki mpya ya NMB. Wakati ule wengi waliyaona matawi yale kama mzigo: mbali, ya gharama, yenye wateja wa akiba ndogo ndogo. Rasilimali ilikuwepo, uwezo wa kuitumia haukuwepo. Polepole benki ilijifunza kukopesha wafanyabiashara wadogo na watumishi wanaopokea mishahara katika matawi hayo hayo. Mwaka 2005 Serikali iliuza asilimia 49 kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na mwaka 2008 hisa zikaorodheshwa Dar es Salaam. Benki nyingine, hata yenye mtaji kutoka nje, isingeweza kujenga mtandao wa namna ile kwa mwaka mmoja au miwili. Mzigo ukawa lulu.

Na bado hadithi haikuishia hapo. Mwezi Aprili 2008 Vodacom walianzisha M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya, na kibanda cha wakala kikasogea karibu na mkulima kuliko tawi lolote. Hakuna aliyeiga matawi. Kimekuja kitu kingine kikachukua sehemu ya kazi yake. Benki zenyewe ikabidi ziwe na mawakala. Ndicho kile kipimo cha nne cha Barney, na ndicho wawekezaji hukisahau kuliko vyote.

Singida ina mfano wake pia. Ukoo wa Dewji una asili ya biashara katika mkoa huu. Mohammed Dewji alizaliwa hapa Singida mwaka 1975, na kampuni iliyoanzishwa na baba yake, METL, ilianza kwa kununua na kuuza bidhaa. Ubinafsishaji ulipokuja ilinunua viwanda vilivyokuwa vikipata hasara chini ya Serikali. Viwanda vile vilikuwa wazi kwa kila mwenye fedha. Kwa maoni ya ukurasa huu, ambacho wanunuzi wengine wengi hawakuwa nacho ni njia za kusambaza bidhaa nchi nzima zilizojengwa kwa miaka mingi ya uchuuzi. Kiwanda kilikuwa kinatafuta soko. Wao walikuwa na soko linalotafuta kiwanda. Miongoni mwa biashara zao leo ni kusafisha mafuta ya kula Dar es Salaam, kwa hiyo mkamuaji wa Sepuka anashindana sokoni na kampuni yenye mizizi mkoani kwake.

KINACHOKULINDA KINA MWISHO WAKE

Tulisema bei ni kamari. Bei ya mafuta ya alizeti Sepuka haiamuliwi Sepuka. Juu yake kuna bei ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na ushuru wa forodha bandarini. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi asilimia 35, na wakamuaji wa ndani wakapumua. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilisimamisha kuuza mawese nje kwa karibu wiki nne, bei za dunia zikiwa tayari juu. Aliyekuwa na ghala la alizeti kipindi kile alijiona bingwa. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na vilio vya wakulima wa kanda ya kati vikasikika hadi Dodoma. Waliokopa na kujaza ghala kwa bei ya juu waliumia, na mashine nzuri haikuwasaidia lolote.

Ushuru basi ni ulinzi wa kuazima. Unautumia ukiwepo, hauujengei nyumba. Mtu akikuonyesha mchanganuo wa biashara ambao faida yake yote inatokana na ushuru wa mwaka huu, umwombe akuonyeshe tena bila ushuru huo.

Barabara nayo iko hivyo hivyo. Njia ya Singida, Sepuka, Ndago hadi Kizaga ina zaidi ya kilometa 70, na kwa miaka mingi wananchi wake wameililia lami. Mvua ikinyesha, malori makubwa husita. Kwa mkulima hiyo ni hasara, ila kwa mkamuaji wa Sepuka ni ukuta usiolipiwa: mbegu zinabaki karibu naye, na mnunuzi wa mjini anapunguza bei ili kufidia nauli na matairi. Mahali lami inapofika ukuta unaanguka. Kiwanda kikubwa cha mjini Singida kama cha Mount Meru Millers, chenye uwezo wa kununua kwa maelfu ya tani, kinakuwa jirani wa kila shamba. Mkamuaji ambaye alidhani anapata faida kwa uhodari wake atagundua alikuwa analindwa na matope. Yule mwenye magunia ya watu ghalani atabaki na kazi, kwa sababu mkulima anayetaka dumu la mafuta ya nyumbani kwake mwezi Januari hatalipata kwa lori lililoondoka Juni.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mtu akitaka kukuuzia mashine pamoja na biashara yake, au akitaka uingie ubia, usianze kwa kuiangalia mashine inavyofanya kazi. Kila mashine huvutia ikiwa imewashwa. Nenda mwezi Novemba, si Julai. Omba daftari la ghala la misimu miwili, uhesabu majina ya wakulima walioleta magunia msimu wa kwanza na kurudi wa pili. Linganisha mbegu zilizoingia na mafuta yaliyotoka mwezi kwa mwezi. Kama kiwango kilishuka ghafla, uliza ni fundi gani aliondoka. Uliza mnunuzi wa mashudu ni nani na amenunua kwa muda gani. Uliza mizani ilikaguliwa lini, kisha kaa mlangoni nusu siku uone mkulima anaisoma mwenyewe au anasomewa.

Muhimu zaidi, uliza wakulima wale wanakuja kwa sababu ya nani. Kama wanakuja kwa mzee mwenye mashine, na mzee ndiye anayeuza na kuhamia mjini kwa watoto, basi sehemu kubwa ya mali unayoinunua itaondoka naye kwenye basi. Mwombe abaki msimu mmoja kwa malipo, akukabidhi kwa watu mmoja mmoja. Akikataa, au kama daftari halipo kabisa, punguza bei mpaka ibaki thamani ya mashine iliyotumika, jengo na kiwanja, wala usiongeze chochote juu yake.